Waya wa simu ukutani ni wa nani, na kwa nini una bei tatu?

Swali la msomaji: "Kaka, salaam. Mwezi uliopita tumehamia nyumba ya kupanga hapa Leicester. Ukutani tumekuta kisanduku cheupe cha simu. Nimepigia kampuni tatu kuulizia intaneti. Moja inataka pauni 27 kwa mwezi, ya pili 34, ya tatu 46, na zote zinasema zitatumia waya huohuo uliopo. Kule tulikohama, simu ilipokufa, kampuni niliyokuwa nikiilipa ilinijibu kwamba waya si wao. Sasa ni wa nani? Na kitu kimoja kinakuwaje na bei tatu? La pili ni mama mkwe wangu. Ana miaka 78, hana intaneti, ana simu ya mezani tu na kile kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni. Ameletewa barua kwamba simu yake itahamishiwa kwenye intaneti. Ana wasiwasi sana. Akubali?"

Dada yangu, waya huo si wako, si wa mwenye nyumba, na si wa hata moja kati ya kampuni tatu ulizozipigia. Ni wa Openreach, kampuni iliyo chini ya BT Group lakini inayoendeshwa kando na BT ile inayouza simu na intaneti. Openreach haikuuzii wewe chochote. Kazi yake ni kukodisha waya kwa wauzaji: BT wenyewe, EE, Sky, TalkTalk, Vodafone, Plusnet na wengine wengi wadogo. Hao ndio wanaokutumia bili. Kwa hiyo ile kampuni yako ya zamani ilisema kweli kwamba waya si wao, ila haikupaswa kuishia hapo. Mkataba wako ulikuwa nao, si na mwenye waya, na kumfuatilia fundi ilikuwa kazi yao. Hilo likikutokea tena usikubali kurushwa huku na kule. Anayepokea pesa yako ndiye wa kukujibu.

Sisi tuliotoka Dar, Unguja au Nairobi jambo hili hutuchanganya, na si ajabu. Kule mwenye faiba kwa kawaida ndiye huyohuyo muuzaji. Ukimchoka unamwita mwingine, naye anakuja na waya wake, ndiyo maana nguzo za baadhi ya mitaa ya Nairobi zimebeba vifundo vya nyaya. Uingereza imefika kwenye mpangilio mwingine kabisa, na bei zako tatu zimezaliwa humo. Nivumilie nieleze ulivyoanza, maana bila hilo utaziona bei hizo kama bahati nasibu.

Nyumba za nchi hii zilifungwa simu na Posta. Mwaka 1912 Posta ilichukua mtandao wa National Telephone Company, na tangu hapo karibu kila waya wa simu nchini ukawa mali ya dola. Mji uliobaki nje ni Hull, ambako halmashauri iliendesha simu zake yenyewe; hadi leo Hull ina mtandao wake, KCOM, na Openreach haikuwa na nafasi huko. Kwingine kote, Posta ndiyo iliyosimamisha nguzo, ikafukia mabomba, ikavuta jozi ya nyaya za shaba hadi mlangoni kwa mtu. Walioilipia kazi hiyo ni wananchi, kwa kodi na kwa ada za simu, kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1981 simu zilitenganishwa na Posta, likazaliwa shirika la British Telecom, yaani BT ya leo. Mnamo Novemba 1984 serikali ya Margaret Thatcher iliuza asilimia 50.2 ya hisa zake kwa umma, na zilizobaki zikauzwa baadaye. Mwaka huohuo, Januari 1984, Marekani ilikuwa imeipasua kampuni yake kubwa ya simu ya AT&T vipande vipande, simu za mbali upande mmoja na kampuni za simu za mikoa upande wa pili. Uingereza haikufanya hivyo. Iliuza vyote pamoja: waya wa mlangoni, mitambo, simu za mbali na ofisi ya kutuma bili. Nadhani huo ndio uamuzi mzito kuliko yote katika hadithi hii, na miaka arobaini iliyofuata imetumika kuurekebisha kidogo kidogo.

Tatizo la kuuza vyote pamoja ni hili. Fikiria mfanyabiashara mwenye ghala pekee la unga mjini, ambaye pia ana duka la rejareja mlangoni mwa ghala. Wenye maduka mengine wote hawana budi kununua kwake. Atawauzia, lakini siku ambayo unga ni mchache unajua nani atapata kwanza, na akitaka kuwabana hahitaji kugombana nao, anapandisha tu bei ya gunia. Waya wa simu ni ghala la namna hiyo, na kujenga la pili si mchezo. Gharama kubwa haimo kwenye waya wenyewe, imo kwenye kuchimba: kupasua barabara, kuomba vibali, kufukia, kurudisha lami, kisha kurudia hayo kwa kila mlango. Anayekuja wa pili anatumia fedha zilezile lakini anagawana wateja na aliyetangulia.

Walijaribu. Kampuni ya Mercury ilipewa leseni mwaka 1982 ishindane na BT, na kwa miaka kadhaa zikawa hizo mbili tu, hadi serikali ilipofungua mlango kwa wengine mwaka 1991. Mercury ilipata wateja wa makampuni na mabenki, lakini waya wa nyumbani kwa mtu wa kawaida ulibaki wa BT. Waliochimba kweli mitaani ni kampuni za televisheni ya kebo katika miaka ya 1990. Zilitumia fedha nyingi mno, zikaelemewa na madeni, zikamezana, na mabaki yake ndiyo Virgin Media ya leo. Shikilia jina hilo, nitalirudia, kwa sababu linakuhusu hapo Leicester.

Intaneti ya kasi ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiritimba huu ulianza kumuuma mtu wa kawaida. Sheria ya Ulaya ya Desemba 2000 iliwataka wamiliki wa nyaya za simu wawakodishie washindani wao jozi za shaba zenyewe. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Mle ndani ya jumba la mitambo ya simu ilikuwa hivi: kila nyumba ya mtaa ina jozi yake ya nyaya nyembamba inayoingia chini ya jengo na kupanda kwenye fremu kubwa ya chuma, maelfu kwa maelfu ya jozi. Kumhamisha mteja ni fundi kuchomoa kipande kifupi cha waya kinachoiunganisha jozi yako na mtambo wa BT, kisha kuiunganisha na mtambo wa mshindani uliofungwa ukumbi huohuo. Kazi yenyewe ni fupi. Lakini fundi huyo alikuwa mwajiriwa wa BT, akimhamisha mteja wa BT kwenda kwa adui wa BT. Kwa miaka minne ya mwanzo mambo yalikwenda kwa mwendo wa kinyonga, na bei ya kukodisha ilikuwa juu kiasi kwamba wengi waliojaribu walikata tamaa.

Mdhibiti mpya wa mawasiliano, Ofcom, aliyeanza kazi mwishoni mwa 2003, aliikabili BT kwa hoja moja ya nguvu: ama mjitenge wenyewe, ama tuwapeleke kwenye tume ya ushindani, na huko huenda mkapasuliwa kabisa. Septemba 2005 BT ilikubali. Januari 2006 ikaanza Openreach. Sharti lake kuu linaeleweka hata na asiye fundi: BT inapotaka waya kwa ajili ya mteja wake ipite mlango uleule ambao Sky na TalkTalk wanapita, kwa bei ileile, kwa foleni ileile, kwenye mfumo uleule wa kompyuta. Wakati huohuo bei ya kukodisha jozi ya shaba ilishushwa. Matokeo yake yalikuja haraka. Mwaka 2006 kampuni ya Carphone Warehouse, iliyokuwa na TalkTalk, ilitangaza intaneti ya bure kwa wanaonunua simu kwake, Sky iliyokuwa imenunua Easynet ikafuata, na kabla ya mwaka huo kwisha jozi zilizohamishiwa kwa washindani zilipita milioni 1. Sina shaka kwamba mtengano ule uliwasaidia watu. Mwaka 2018 ulikazwa zaidi, Openreach ikawa kampuni ya kisheria yenye bodi yake na wafanyakazi wake zaidi ya 30,000, ingawa hisa zimebaki mikononi mwa BT Group.

Lakini kuna sura moja ya hadithi hii inayoniudhi hadi leo, na inamgusa mama mkwe wako moja kwa moja.

Bei ya jumla ya waya, ile Openreach inayomtoza muuzaji, huwekewa dari na Ofcom. Katika miaka ya 2010 kukodisha jozi nzima ya shaba kulimgharimu muuzaji kama pauni 7 kwa mwezi, kabla ya kodi ya VAT. Juu ya hapo muuzaji anabeba mitambo yake, huduma kwa wateja na mengineyo, kwa hiyo simwambii mtu kwamba kila kilichozidi 7 ni wizi. Ila wauzaji walikuwa wakikutoza "ada ya laini" peke yake, mbali na intaneti, na ada hiyo ilikuwa ikipanda karibu kila mwaka. Kwa BT ilifika pauni 18.99 mwaka 2016. Matangazo yalikuwa na herufi kubwa: INTANETI BURE, au pauni 3, au pauni 5. Chini, kwa maandishi ya kusomwa kwa miwani, palikuwa na ada ya laini ya pauni 17 au 18 ambayo hukuwa na namna ya kuikwepa. Ulikuwa uongo uliovalishwa nguo za ukweli. Ulikoma tarehe 31 Oktoba 2016, pale mamlaka ya matangazo ilipoamuru bei itajwe moja, nzima, pamoja na laini.

Sasa tazama nani aliyekuwa akiumia. Mwenye intaneti angalau alikuwa na kampuni zinazomgombania, akilalamika anapunguziwa. Mtu mwenye simu ya mezani tu hakuwa na anayemtaka. Hakukuwa na ofa kwa ajili yake. Alilipa ada ya laini iliyopanda ili intaneti ya jirani yake ionekane ya bure. Ofcom ilipochunguza jambo hili mwaka 2017 ilikuta kwamba bei ya jumla ilikuwa imeshuka kwa takriban robo, huku ada wanazotozwa watu zikiwa zimepanda kwa zaidi ya robo, na kwamba wengi wa waliobaki na simu tu walikuwa wazee waliokaa na BT maisha yao yote. BT ilikubali kuwashushia pauni 7 nzima, kutoka 18.99 hadi 11.99, kuanzia Aprili 2018. Hesabu hiyo inajieleza. Kama unaweza kuondoa pauni 7 kwa mwezi na biashara ikaendelea, basi pauni hizo zilikuwa zikikaa mfukoni mwa nani miaka yote hiyo? Wazee wale hawakuwa wamefanya kosa lolote isipokuwa kubaki walipo.

Kubaki ulipo ndiko pia kunakozipa bei zako tatu maana.

Kampuni zote tatu zinamlipa Openreach bei ya jumla ileile kwa waya uleule. Wakati intaneti ya kupitia kabati la mtaani (faiba hadi kwenye kabati, kisha shaba hadi mlangoni) ilipokuwa ndiyo kuu, kwa mfano, Ofcom iliagiza bei ya jumla ya kasi ya megabiti 40 ishushwe, na hiyo haikuchagua muuzaji. Kwa hiyo tofauti ya pauni 27 na 46 haitoki kwenye waya. Sehemu yake inatoka kwenye rauta bora au duni, kituo cha simu kinachopokea haraka au kinachokuacha na muziki nusu saa, televisheni iliyofungwa humo ndani bila wewe kuiomba, matangazo ya mpira. Sehemu kubwa, kwa uzoefu wangu, ni kwamba mmoja anakuuzia bei ya mteja mpya na mwingine anakutajia bei anayowatoza waliolala. Huyo wa 46 mpigie tena umwambie umepewa 27 kwingine. Usishangae akishuka palepale.

Hata hivyo, hiyo 27 usiichukulie kama ilivyo. Kwa miaka kadhaa mikataba mingi ilikuwa na kipengele cha kupandisha bei kila majira ya kuchipua kwa mfumuko wa bei pamoja na asilimia 3.9. Mwaka 2023 hilo lilimaanisha wateja wengi kupandishiwa asilimia 14.4 katikati ya mkataba. Ofcom iliipiga marufuku hesabu hiyo kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 17 Januari 2025. Sasa ongezeko linaruhusiwa, ila lazima litajwe kwa pauni na peni kabla hujatia saini. Kwa hiyo uliza: "Itapanda kiasi gani, na lini?" Tuseme wanakujibu pauni 4 kila Aprili, na unasaini miezi 24 kuanzia Oktoba. Utalipa miezi 6 kwa 27, miezi 12 kwa 31, na miezi 6 kwa 35. Jumla ni pauni 744, yaani 31 kwa mwezi. Huyo wa 34, kama hapandishi kabisa, anakugharimu 816. Basi wa kwanza bado ni nafuu, lakini kwa pauni 3 kwa mwezi, si 7 kama ulivyodhani. Ongeza ada ya kufungiwa kama ipo, kisha linganisha jumla kwa jumla.

Siku ya kuishika zaidi ni ile mkataba unapokwisha. Tangu Februari 2020 kampuni inatakiwa kukuarifu kabla mkataba haujaisha, ikuambie bei itapanda hadi ngapi na ofa zake nzuri ni zipi. Ukipata ujumbe huo usiufute. Ukinyamaza, unaingia kundi la waliolala. Kuhama nako si adha tena: tangu Septemba 2024 unazungumza na kampuni mpya peke yake, yenyewe inamalizana na ya zamani, hata kama mitandao ni tofauti. Namba yako ya simu unayo haki ya kwenda nayo pia, lakini usiifute laini ya zamani kwa mkono wako kabla ya kuhama, maana namba ya laini iliyokwisha kukatwa ni vigumu kuirudisha.

Nilikuambia ushikilie jina la Virgin Media. Kanuni hizi zote za bei ya jumla zinahusu waya wa Openreach. Virgin ina nyaya zake yenyewe katika sehemu kubwa ya Leicester, na CityFibre nayo imefukia faiba katika sehemu za mji huo na kuwakodishia wauzaji kama Vodafone. Andika postikodi yako kwenye tovuti ya kulinganisha bei uone mtaa wako una mitandao mingapi, usihesabu kampuni. Kampuni kumi juu ya waya mmoja zinashindana kwa matangazo na huduma. Mitandao miwili mtaani inashindana kwa kila kitu, na bei zake huonyesha hivyo. Iliyowezesha hao wapya kufika ni amri ya Ofcom kwamba Openreach iwakodishie nguzo na mabomba yake, wapitishe faiba yao bila kuchimba upya. Kwa maoni yangu amri hiyo ina faida kuliko dari la bei lolote. Ila kwa kuwa mmepanga, kama faiba mpya inahitaji kutobolewa ukuta, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kwanza.

Na faiba ina jambo lake. Katika maamuzi yake ya Machi 2021 Ofcom iliiachia Openreach uhuru wa kupanga bei za kasi kubwa za faiba, ikaweka dari kwenye huduma ya kiwango cha chini tu, na ikasema haitarajii kuzibana bei hizo kwa gharama halisi kabla ya 2031. Hoja ni kwamba bila tumaini la faida hakuna atakayefukia faiba vijijini. Ninaielewa hoja hiyo, na faiba kweli imefukiwa kwa kasi. Lakini mahali ambapo Openreach itabaki peke yake, mwanya ule wa zamani upo palepale.

Turudi kwenye kisanduku chako ukutani, kwa sababu hapo ndipo mpaka wa mali ulipo. Kama ni cha shaba, kitazame usoni. Mara nyingi utaona mstari unaokigawa katikati kwa mlalo, na skrubu mbili kwenye nusu ya chini. Vya kisasa havina skrubu, vinabonyezwa pembeni. Kila kilicho upande wa barabara hadi kwenye kisanduku hicho ni cha Openreach, usikiguse. Kila kinachotoka hapo kwenda vyumbani ni cha nyumba. Ukitoa ile nusu ya chini utakuta nyuma yake soketi nyingine ndogo, ya kupimia. Intaneti ikifa, chomeka rauta hapo moja kwa moja, pamoja na kichujio chake kidogo. Ikifanya kazi, ubovu umo kwenye nyaya za ndani au vifaa vyako, na ukimwita fundi wa nje unaweza kutozwa safari yake. Isipofanya kazi, ubovu ni wa upande wao, na unawaambia hivyo kwa uhakika: nimepima kwenye soketi ya kupimia, haipo. Mazungumzo yatafupika sana. Kampuni kubwa nyingi zimejiunga pia na mpango wa fidia ya moja kwa moja ulioanza Aprili 2019: laini iliyokufa kabisa isiporekebishwa ndani ya siku mbili kamili za kazi baada ya kuripoti, unarudishiwa pesa kwa kila siku inayofuata, bila kuomba. Ndiyo maana ripoti siku hiyohiyo, na uandike tarehe.

Sasa mama.

Barua aliyoletewa inahusu jambo la kweli, na si suala la kukubali au kukataa. Simu za kupitia shaba zinazimwa nchi nzima, na tarehe iliyowekwa ni 31 Januari 2027. Mitambo imezeeka, vipuri havipatikani. Awali ilikuwa iwe Desemba 2025, ikasogezwa mbele, na sababu kubwa ilikuwa watu kama yeye: kulitokea visa vya vitufe vya dharura kushindwa kupiga baada ya laini kuhamishwa. Desemba 2023 kampuni kubwa ziliahidi mbele ya serikali kutowahamisha kwa nguvu wenye vifaa hivyo bila kuhakikisha vinafanya kazi. Kwa hiyo ana haki ya kuhamishwa polepole na kwa uangalifu, na wewe ndiye utakayeisimamia haki hiyo.

Kwanza thibitisheni barua. Msitumie namba iliyoandikwa humo, tumieni ya kwenye bili yake ya kawaida, maana matapeli wanawapigia wazee wakidai kadi ya benki "kwa ajili ya simu mpya". Kuhamishwa kwenyewe hakulipiwi. Mkishathibitisha, iambieni kampuni maneno haya waziwazi: ana kitufe cha dharura, ana miaka 78, hana intaneti, na kama hana simu ya mkononi au nyumbani kwake haishiki mtandao, lisemeni hilo pia. Wayaandike kwenye kumbukumbu zake. Kisha pigieni walioweka kitufe, ambao mara nyingi ni halmashauri au kampuni nyingine kabisa, muwaulize kama kifaa hicho kinafanya kazi kwenye laini ya kidijitali. Vingi vya zamani havifanyi, na dawa yake ni kifaa kipya chenye laini ya simu ya mkononi ndani yake.

Simu yake haitabadilika kwa macho, ila itachomekwa nyuma ya rauta badala ya ukutani. Halazimiki kununua intaneti ili abaki na simu. Tofauti kubwa ni umeme. Simu ya shaba ilipata umeme kutoka kwenye jumba la mitambo, ndiyo maana ilifanya kazi hata nyumba ikiwa gizani. Ya rauta inakufa umeme ukikatika. Kanuni za Ofcom zinataka mtu anayetegemea simu ya mezani apewe namna ya kupiga 999, namba ya dharura, kwa angalau saa moja umeme ukiwa haupo, na kwa mtu wa hali yake hiyo ni betri au simu ya mkononi anayopewa bila malipo. Saa moja ni kidogo, mimi ningeomba betri inayodumu zaidi. Siku ya kuhamishwa mmoja wenu awepo nyumbani, na kabla fundi hajaondoka mama abonyeze kitufe mbele yake hadi sauti ijibu upande wa pili.

Mkiwa nao kwenye simu, ulizeni na bei. Anayetumia simu peke yake asilipe kifurushi chenye intaneti asiyoitaka, wala kifurushi cha kupiga usiku kucha alichowekewa miaka kumi iliyopita. Kama anapokea Pension Credit, ile nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, aombe bei ya wenye kipato kidogo. BT, Virgin na wengine kadhaa wanazo, na hata zile zenye intaneti, nyingi kati yake hazifiki pauni 25, lakini hutaziona kwenye matangazo mpaka uzitaje. Wewe na mumeo nanyi mnaweza kuziomba kama mnapata Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Wakimzungusha mama, ombeni malalamiko yake yaandikwe na mpewe namba ya malalamiko. Yakikwama, hiyo ndiyo mtakayoipeleka kwa msuluhishi wa nje ambaye kila kampuni ya simu lazima iwe nayo, na kwa mteja huduma hiyo ni bure.